AC Inadondosha Maji Ndani? Zibua Bomba Kabla Hujalipia Gesi

Kila joto la Desemba linapoanza kupamba moto hapa Dar, simu yangu hujaa picha za aina moja: ukuta wenye michirizi, ndoo imetegwa chini ya kiyoyozi, na swali, "Kaka, hii ni gesi imeisha?" Mwezi huu pekee nimeulizwa na jirani, shemeji na mwalimu wa mwanangu. Nimeona niandike mara moja, atakayeuliza tena nimtumie.

Jibu fupi ni hili. Kama AC inapoza chumba vizuri lakini inadondosha maji ndani, anza na bomba la kutolea maji, lile ambalo mafundi wanaliita dreni. Mara nyingi ndilo limeziba. Gesi ikipungua dalili yake ni nyingine: chumba hakipoi, na ukifungua kifuniko unakuta barafu kwenye koili, ile sehemu ya ndani inayopoza hewa. AC inayokugandisha miguu huku inakulowanisha kichwa haidai gesi.

Mimi somo hili nililipia. Mwaka wa kwanza kufunga AC chumbani niliamka saa nane usiku bega limelowa chepechepe, nikadhani paa linavuja. Fundi akaja, akatikisa kichwa, akasema gesi iko chini. Nikalipa. Usiku ule ule maji yakaendelea. Siku ya tatu nikatoka nje na tochi, nikafuata lile bomba la kijivu mpaka mwisho wake, nikakuta mdomo umezibwa na udongo mkavu uliofinyangwa ukafinyangika: nyigu walikuwa wamejenga. Nikaudokoa kwa kijiti cha mshikaki, na maji ya siku tatu yakanimwagikia mpaka ndani ya kiatu.

Haya yote yanahusu AC ya kawaida ya nyumbani, ile ya vipande viwili, kimoja ukutani ndani na kingine nje. Zile za kwenye dari zina pampu yake ya kusukuma maji, kwa hiyo hizo mwachie fundi.

Maji yanatoka wapi?

Chukua soda kwenye friji, iweke mezani. Baada ya dakika mbili chupa imetoa jasho. Koili ya ndani ya AC ni chupa hiyo hiyo: ni baridi, na hewa ya pwani imejaa unyevu. Jasho linachuruzika, linaingia kwenye trei iliyo chini ya koili, kisha linateremka kwa bomba kwenda nje. Hakuna mashine inayolisukuma, ni mteremko tu. Siku ya fukuto, AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) inaweza kutoa lita moja au zaidi kwa saa. Sasa piga hesabu bomba likiziba saa tatu usiku na wewe unaamka asubuhi.

Kinachoziba ni vumbi lililochanganyika na ute wa vijidudu na ukungu. Kule gizani, penye maji siku zote, ute huo unanenepa mpaka unakuwa kama mlenda uliolala. Kwenye mdomo wa nje wanakuja wapangaji wengine: nyigu, sisimizi, mende, na mara moja moja mjusi kafiri aliyeingia akashindwa kugeuka.

Andaa vitu hivi kwanza

- Ngazi imara. Kiti cha plastiki si ngazi.
- Ndoo, beseni, mataulo makuukuu na kipande cha nailoni cha kutandika.
- Tochi, glavu na barakoa. Uchafu huu unanuka, na hutaki ukurukie mdomoni.
- Chupa ya maji ya lita moja na nusu, kifuniko kimetobolewa matundu mawili matatu kwa msumari.
- Siki nyeupe, kikombe kimoja, yaani kama ml 250.
- Mswaki wa zamani, kijiti cha mshikaki na kisu.
- Kifaa cha kufyonza. Bora kabisa ni mashine ya kufyonza vumbi inayohimili maji. Huna? Nunua duka la dawa bomba la sindano kubwa, la ml 60, lisilo na sindano. Tafuta pia kipande cha tyubu ya baiskeli cha kuunganishia.
- Mtu wa pili. Huyu wengi wanamdharau, halafu wanashinda wakipanda na kushuka ngazi kuangalia kama maji yametoka.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha tatizo ni bomba. Washa AC kwa nusu saa, kisha toka nje uangalie mdomo wa bomba. Bomba lenyewe utalijua: ni mpira wenye mikunjo mikunjo au PVC nyembamba, linaloshuka sambamba na mabomba ya shaba yaliyofungwa utepe mweupe. Kama ndani kunadondoka na nje ni pakavu, au panatoka tone moja la kubembeleza, bomba limeziba. Kama nje maji yanatiririka vizuri na bado ndani kunalowa, ruka mpaka sehemu ya "Umefanya yote na bado?" huko chini, ukirudi hapa uwe umejua unachotafuta.

2. Zima umeme, na si kwa rimoti. Rimoti inailaza AC tu, haikati umeme. Zima ile swichi yake yenye taa nyekundu ukutani, kisha ushushe na breka yake kwenye boksi. Usiseme "umeme umekatika, acha nifanye chapchap". Umeme huwa unarudi wewe ukiwa juu ya ngazi na mikono imelowa. Subiri dakika kumi.

3. Sogeza vitu. Kitanda, televisheni, soketi ya kurefusha iliyolala sakafuni, vyote vitoke. Tandika nailoni, weka beseni juu yake.

4. Toa filta. Fungua kifuniko cha mbele kwa kukiinua pande zote mbili, utaona nyavu mbili za plastiki. Zitoe, zioshe kwa maji ya bomba na sabuni kidogo, zianike kivulini. Jua kali linazipinda. Kama hujawahi kuziosha tangu AC ifungwe, usishangae ukikuta blanketi zima la vumbi. Blanketi hilo ndilo lililokuwa linalisha ule ute.

5. Anza na mdomo wa nje. Weka ndoo chini ya bomba. Dokoa udongo, utando na wadudu kwa kijiti, kisha sugua kwa mswaki sentimita chache za mwanzo. Kama mpira umeungua na jua hadi unapasuka ukiukunja, kata kipande kilichoharibika kwa kisu, mradi mdomo usiishie sehemu itakayolowesha ukuta au kumwagia jirani wa chini. Kuna nyumba kazi inaishia hapa hapa: unatoa kizibo na maji yanashuka shaa. Usifurahi ukaondoka. Endelea, maana kizibo cha nje mara nyingi kimeacha ndugu zake ndani.

6. Fyonza ukiwa nje. Hii ndiyo hatua yenyewe, kwa hiyo ifanye polepole. Mwenye mashine ya kufyonza aunganishe mdomo wake na mdomo wa bomba, azungushie tambara lililolowa pasipite hewa, aiache ifanye kazi dakika moja hadi mbili. Itakuwa inavuma sawasawa, halafu ghafla itakoroma kama mtu anayemalizia juisi kwa mrija. Huo ndio mzigo unaopita.

   Mwenye bomba la sindano achukue kipande cha tyubu ya baiskeli, upande mmoja akivishe kwenye mdomo wa dreni na upande mwingine kwenye bomba la sindano, akaze kwa uzi au utepe wa mafundi umeme. Avute kwa nguvu na haraka, achomoe, amwage, arudie. Mara kumi, mara kumi na tano. Ni kazi ya kuchosha mkono, lakini inafanya kazi. Kwanza yatakuja maji meusi. Kisha utahisi mvuto umekuwa mzito, mkono unarudishwa, halafu pap, kinateleza kitu kirefu kama kidole, cheusi, cha kuvutika kama bamia. Ukikiona hicho umeshinda.

   Usifyonze kwa mdomo wako. Naandika hivi kwa sababu namjua aliyefanya.

7. Pampu ya baiskeli ni ya mwisho, siyo ya kwanza. Kufyonza kukishindikana kabisa, unaweza kupuliza. Shida ni kwamba ukipuliza kutoka nje unaurudisha uchafu kwenye trei, na trei ikifurika maji yanaweza kufika kwenye umeme wa AC. Kwa hiyo mwache mwenzako ndani akae na tochi, wewe piga pampu mara tatu nne za taratibu, kisha chomoa na uache maji yashuke yenyewe. Mwenzako akisema "maji yanapanda", acha papo hapo. Kompresa ya gereji usiiguse kabisa. Inachomoa viungio vilivyo ndani ya ukuta, na huko hutaona kilichotokea mpaka rangi ianze kubabuka.

8. Jaribu kwa maji kutoka ndani. Panda ngazi na ile chupa yenye matundu. Nyunyizia maji taratibu juu ya zile bati nyembamba za alumini zilizopangana kama kurasa za kitabu, yateremke yenyewe kwenye trei. Nyunyizia upande ulio mbali na umeme. Ukiitazama AC, boksi la umeme mara nyingi liko kulia, kwa hiyo wewe kaa kushoto. Anza na nusu lita, usimwage yote kwa mkupuo. Mwenzako wa nje akuambie anaona nini. Tunataka maji yaje ndani ya dakika moja hivi, na yaje kwa mtiririko. Yakija kwa kusitasita, rudi hatua ya 6.

9. Pitisha siki. Changanya kikombe cha siki na nusu lita ya maji ya vuguvugu. Ya vuguvugu, yaani unayoweza kuogea mtoto; ya kuchemka yanalegeza plastiki. Mimina kwa njia ile ile, elekeza sehemu ya chini ya koili, uache nusu saa. Siki haizibui bomba lililoziba. Kazi yake ni kulegeza mabaki ya ute kwenye kuta za bomba na kuchelewesha utakaofuata. Maliza kwa lita moja ya maji safi ili siki isikae kwenye alumini.

10. Rudisha na ujaribu. Filta ziwe zimekauka kabisa ndipo uzirudishe. Funga kifuniko, futa matone, pandisha breka, washa AC kwenye nyuzi 18 kwa nusu saa na zaidi. Toka nje. Hapo mdomo wa bomba unatakiwa udondoshe kwa mwendo, na ndani beseni liwe kavu.

11. Ziba njia ya nyigu bila kuziba ya maji. Kata kipande cha wavu wenye matundu makubwa kidogo, kivishe mdomoni, funga kwa uzi. Usitumie wavu wenye matundu madogo sana, huo utanasa ute na utakuwa umetengeneza kizibo mwenyewe. Na wavu wowote unahitaji kuangaliwa kila mwezi.

Mara ngapi? Kwa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar, ambako AC inalala ikiwaka, mimi nasema zoezi zima kila miezi mitatu, na filta kila wiki mbili wakati wa joto. Mtu wa Arusha anayewasha AC wiki chache kwa mwaka anaweza kufanya mara moja kabla ya joto kuanza.

Makosa ninayokutana nayo kila siku

Kuchanganya dawa. Huyu anamimina siki, haoni mabadiliko, anaongeza ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Siki na klorini zikikutana zinatoa gesi ya sumu, na wewe uko juu ya ngazi kwenye chumba kilichofungwa. Chagua siki, baki na siki. Klorini yenyewe inakula alumini na shaba, na tindikali ya kusafishia choo ni mbaya zaidi. Koili ikitoboka hapo ndipo gesi itaisha kweli.

Kuzamisha mdomo wa bomba kwenye ndoo. Hili nimeliona hata kwa watu makini, wanaokinga maji ya AC ili wapigie deki. Wazo zuri. Ila ndoo ikijaa na mdomo ukazama, hewa inakwama katikati ya bomba na maji yanakataa kushuka. Mtu anaita fundi wakati dawa ni kukata mpira ubaki juu ya ukingo wa ndoo. Maji hayo mwagilia maua au pigia deki. Usinywe, na usimpe kuku.

Kuchokonoa kwa waya wa chuma. Mpira wa dreni ni mwembamba, ukiutoboa ndani ya ukuta utavuja polepole hadi doa lionekane sebuleni kwa jirani. Kijiti kiishie kwenye mdomo.

Kukunja bomba juu ili lisimdondoshee mtu wa chini. Maji hayapandi mlima. Bomba linataka kushuka mwanzo hadi mwisho, angalau sentimita moja kwa kila mita, bila tumbo la kukusanya maji. Mkikosana na jirani wa chini, ongezeni urefu wa bomba mpaka chini.

Umefanya yote na bado?

*Nje maji yanatoka vizuri, ndani yanadondoka kona moja tu.* Trei nyingi zina matundu mawili ya kutolea maji, kushoto na kulia, moja limeunganishwa bomba na lingine limezibwa kwa kizibo cha mpira. Fundi aliyefanya sevisi juzi huenda alikisahau au hakukikaza. Uliza hilo kabla ya yote kama tatizo limeanza mara baada ya sevisi.

*Yanadondoka upande mmoja na AC inaonekana imeinama.* Weka levo ya mjenzi juu yake. Ikiwa imelalia upande usio na bomba, trei inamwagika kabla maji hayajafika tunduni. Hapo inabidi kufunga upya kile kibati cha ukutani, na hiyo ni kazi ya fundi.

*Maji yanatokea kwenye tundu la ukuta, si kwenye AC.* Gusa mabomba ya shaba. Kama sponji nyeusi iliyoyavika imechanika, bomba linatoa jasho kama ile chupa ya soda. Vika sponji mpya, funga utepe.

*Nimekuta barafu.* Usiikwangue kwa kisu. Zima upozaji, acha feni tu saa mbili tatu iyeyuke, na uweke beseni maana itamwagika nyingi. Osha filta, ujaribu tena. Barafu ikirudi na filta ni safi, hapo sasa ndipo mazungumzo ya gesi yanapoanza. Mwambie fundi atafute panapovuja kwanza, maana gesi ya AC haiishi kwa kutumika kama ya jikoni. Ikipungua kuna mahali inatoka.

*Inatoa harufu ya choo.* Nyumba nyingi mpya bomba limefukiwa ukutani na kuishia bafuni. Kama limeunganishwa moja kwa moja na bomba la maji taka bila kona ya kushika maji, hewa ya huko inapanda chumbani. Mwite fundi bomba, si fundi AC.

*Linaziba kila baada ya wiki mbili.* Kuna tumbo kwenye bomba, au ute umejaa kwenye trei yenyewe na kila ukifyonza unashuka mwingine. Trei haisafishwi bila kufungua bodi nzima, na bodi hiyo ina skrubu zilizofichwa chini ya vifuniko vidogo na kulabu za plastiki zinazokatika kirahisi. Hapo lipia sevisi kamili ya kuoshwa kwa pampu. Fundi akifika, mwambie umeshapitisha maji, yametoka au hayajatoka, na kwa kasi gani. Kisha simama pale pale anapofungua trei.